Buti Zilizobaki Sandukuni

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Matiko kule kwetu Nyanungu, wingu la mvua likitutishia tangu asubuhi. Mchungaji alipowaita watoto wa marehemu wasogee kaburini, walisimama saba. Mimi nilibaki kwenye benchi la majirani, nimemshika mama mkono. Hakuna aliyegeuka kunitazama, na wala sikutaka mtu ageuke. Watu walipoanza kutawanyika nilivuka kijito nikarudi kwenye mji wetu, nikaingia nyumba ya marehemu bibi, ambayo siku hizi tunawekea mahindi, nikaliburuta sanduku la bati kutoka nyuma ya magunia.

Lilikuwa sanduku la kijani lenye jina na namba kwa rangi nyeupe, ingawa namba imebanduka nusu. Lilipofunguka ilitoka harufu ya masizi na samli ya zamani. Wengine utoto wao unanukia maandazi. Wangu unanukia hivyo, na harufu ile ikanikuta nimepiga magoti kama nilivyokuwa nikipiga kila Jumamosi, nikiwa darasa la nne, kazi yangu ikiwa kupaka dawa buti za baba.

Dawa yenyewe ilikuwa ya kujitengenezea. Dawa ya viatu ya dukani iliuzwa Sirari, na bibi hakuona sababu ya kwenda mpaka Sirari wakati jiko lina masizi na kibuyu kina samli. Tulikorogea kwenye kifuniko cha kopo, nikachovya kitambaa, nikasugua mpaka ngozi ing'ae. Kamba ya buti ya kushoto ililiwa na panya, bibi akaweka ya katani, na mimi niliifunga fundo langu mwenyewe, fundo baya lililokaa upande. Nikimaliza namwonyesha bibi, naye anageuzageuza buti juani, halafu anasema, "Haya, mrudishie mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa ukutani. Picha yake ilikuwa ndogo, imeishia kifuani, kijana amevaa kofia ya jeshi, amekaza midomo kama mtu aliyekatazwa kucheka. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule bibi aliniuliza, "Umemwamkia baba yako?" Nami nasimama chini ya picha nasema, "Shikamoo, tata," kisha naondoka. Kichwa cha baba kilikuwa ukutani na miguu yake ilikuwa sandukuni. Sehemu ya katikati nilijazia mimi.

Niliyajua mambo yake yote, maana bibi hakuchoka kuyasema. Aliitwa Chacha, mtoto wa kiume pekee wa bibi Robi. Alianza kibarua cha barabara akiwa kijana mdogo, akichimba mitaro na kusomba kokoto, peku. Jeshini alienda kwa sababu ya viatu. Bibi alisema hivyo hivyo, bila aibu: "Wengine walienda kwa ajili ya nchi. Wako alisikia wanagawa buti." Alirudi likizo mara moja tu, akatembea kutoka barabara kuu mpaka nyumbani bila kuzivua, akafika na malengelenge, akalala nazo. Kisha vita vya Uganda vikaja, akaenda, akauawa huko. Amezikwa upande wa Kagera pamoja na wenzake. Nyumbani lilirudi sanduku, na ndani yake buti za akiba, zile ambazo hakwenda nazo.

Sasa, mtu mzima angeuliza swali moja hapo. Mimi sikuuliza, kwa sababu sikujua kufa vitani ni nini. Kufa kwa kawaida nilikujua. Babu wa jirani alikufa, tukala nyama, akafukiwa, nikaona. Baba yangu sikuona akifukiwa. Niliona tu sanduku. Na kijijini kwetu watu wenye masanduku walikuwa walimu na manesi wa serikali, ambao walihamishwa, wakaondoka, na baadhi yao wakarudi kusalimia. Nesi mmoja wa zahanati alihamishwa akarudi mara tatu. Kwa hiyo nilielewa kwamba kufa vitani ni uhamisho wa mbali, wa mahali ambapo ruhusa haipatikani kirahisi.

Lakini nilikuwa na akili ya kuchokonoa, na kuna jambo halikuniingia. Mama yangu, Ghati, aliwahi kusema mbele yangu, akipembua mtama, kwamba yeye hajawahi kumwona Chacha. Alisema kama mtu anayesema hajawahi kuona ziwa. Nikamuuliza, "Hata siku moja?" Akasema, "Wakati wa vita nilikuwa mtoto, bado nacheza na wenzangu." Nikamtazama, nikaitazama picha. Nikaona jibu ni moja tu, kwamba baba huja, ila huja wakati mama hayupo.

Nikaanza uchunguzi. Kila Jumamosi, baada ya kupaka dawa, nilitumbukiza punje tatu za mahindi kwenye buti ya kushoto. Jumamosi inayofuata nazihesabu. Punje zilikuwa tatu, wiki baada ya wiki. Niliwaza labda baba anazitoa, anavaa buti, kisha anazirudisha kwa heshima, kwa hiyo nikaanza kuweka punje moja imesimama kidoleni na mbili kisiginoni. Hazikusogea. Sikukata tamaa hata kidogo. Mtu wa uhamisho wa mbali hawezi kuja kila wiki.

Halafu masika yale nikaugua malaria. Nakumbuka kidogo tu: paa linashuka, sauti ya bibi inatoka kama ndani ya pipa, mvua. Zahanati ilikuwa mwendo wa saa nzima kwa mguu, na njia yote ni utelezi. Nakumbuka kunyanyuliwa na mikono yenye nguvu, nikatupiwa begani, wakanifunika turubai kichwa na mgongo nisilowe. Chini ya turubai kulikuwa na giza na joto, na uwazi mmoja tu wa kuona ardhi. Nikafumbua macho. Nikaona buti.

Zilikuwa zinatembea. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, zikizama kwenye tope na kuchomoka. Ya kushoto ilikuwa na kamba ya katani, na fundo limekaa upande. Fundo langu. Aliyezivaa alikuwa anahema kwa nguvu, na kila tulipoteleza alinibana zaidi, akasema kitu cha kunituliza ambacho sikukisikia kwa sababu ya mvua. Sikuogopa. Nilifurahi mno, furaha ambayo sijaipata tena ya namna ile. Nikasema "Tata" ndani ya turubai, nikalala.

Nilipopona, siku ya kwanza niliyoweza kusimama, nilikwenda kwenye sanduku. Buti zilikuwa zimefutwa, ila mtu aliyezifuta hakuwa mimi, alisahau tope kwenye mshono wa soli. Punje zangu zilikuwa hazipo. Sikumwambia mtu. Kama baba ana ruhusa ya siri, sikutaka kumponza.

Siku zile zile, na hili nalo niliona lakini sikulihesabu, Matiko alichechemea. Huyu Matiko, ambaye wakati huo hatukumwita mzee bado, alikuwa jirani wa ng'ambo ya kijito, mwenye mke na watoto wake. Alikuwa rika moja na baba, walitahiriwa pamoja, wakafanya kibarua cha barabara pamoja. Alikuja kwetu kulima kwa maksai, kuziba ua, kuchinja ikibidi. Alikuwa mtu wa maneno machache na miguu mikubwa kupita kiasi, vidole vikitokeza mbele ya katambuga zake za tairi. Akimaliza kazi bibi humpa ugali, anakula amekaa uani karibu na mlango wa mama, anaaga, anakwenda kwake. Kwa wiki nzima baada ya mimi kuugua alitembea kama anakanyaga miiba. Watoto tulimwiga nyuma yake.

Muda si mrefu ikaja habari shuleni. Siku ya Mashujaa mwaka ule kila kata ingepeleka Tarime mtoto wa askari aliyefia vitani, akasimame mbele ya watu alitaje jina la baba yake. Kata yetu jina lililojulikana lilikuwa moja, Chacha wa bibi Robi. Mwalimu mkuu akanitaja mstarini asubuhi, nikasikia masikio yanawaka moto kwa fahari. Fomu akapewa mwalimu wangu wa darasa, Mwalimu Komba, kijana mgeni aliyeletwa kutoka Songea, mtu wa haki lakini mwenye kupenda kila kitu kilingane.

Akaniita mezani, akajaza jina langu, Bhoke Chacha, akajaza umri wangu, akasimamisha kalamu. Akanitazama, akaitazama fomu.

"Bhoke, baba yako alikufa vita gani?"

"Vya Uganda, mwalimu."

"Wewe vita vile vinaisha hujazaliwa. Kwa miaka mingi tu."

Darasa zima likaacha kuandika, ambayo ni dalili mbaya.

"Sasa huyu Chacha anakuwaje baba yako?"

Hapo ndipo nilipofanya kosa. Nilitaka kumsaidia baba, na nilikuwa na ushahidi. Nikasema, "Huwa anakuja, mwalimu. Masika alikuja. Alinibeba kunipeleka zahanati."

Darasa lilicheka mpaka mwalimu akapiga meza. Yeye mwenyewe hakucheka. Alisema taratibu, kama anayenionyesha hesabu ubaoni, "Bhoke, chagua. Kama alikuja masika, basi yuko hai, na huwezi kwenda Tarime. Kama alikufa vitani, basi wewe si mtoto wake, na pia huwezi kwenda Tarime." Akafunga fomu. "Kesho nitampelekea mwalimu mkuu aandike hatuna mtoto."

Nilitembea kurudi nyumbani nikilichungulia jambo hilo kila upande, nisipate pa kupenya. Tarime yenyewe haikuwa kitu. Kilichoniumiza ni lile neno, wewe si mtoto wake. Kama mimi si wa Chacha, asubuhi nilikuwa namwamkia nani? Nilimkuta bibi anasuka kamba, nikamweleza yote, ya mwalimu na ya buti na ya punje za mahindi. Aliposikia habari ya buti alitazamana na mama, mama akainama kwenye chungu. Bibi akasema tu, "Kesho nakusindikiza."

Asubuhi bibi alivaa gauni la kanisani, akachukua fimbo ambayo hakuihitaji, tukaenda. Mwalimu Komba akamwamkia vizuri, akamtolea kiti ofisini. Bibi hakukaa. Mimi nilisimama mlangoni.

"Nimeambiwa una swali," bibi akasema. "Mtoto hana jibu. Mimi ninalo. Uliza."

"Bibi, mwanao Chacha alifariki vitani."

"Alifariki."

"Huyu Bhoke ana miaka kumi."

"Kumi na miezi."

"Sasa baba yake ni nani?"

"Chacha."

Mwalimu akavuta pumzi. "Bibi, marehemu hawezi kuzaa."

"Nani amekwambia alizaa? Aliyezaa ni Ghati, nilikuwepo, kitovu nilikata mimi. Wewe umeuliza baba."

"Lakini bibi..."

"Sikiliza, mura," bibi akasema, na mwalimu mzima akaitwa kijana mbele yangu. "Chacha alikuwa na dada, Wankuru. Aliolewa upande wa Serengeti, zikaja ng'ombe. Ng'ombe za dada ni za kaka yake aolee. Chacha aliziona, akazipapasa, akasema nikirudi naoa. Hakurudi. Ng'ombe zilibaki zizini, za Chacha. Watu walizitaka, nikakataa. Zikazaa, na ndama nao wa Chacha. Siku moja nikazitoa, nikamwolea mke. Ghati alikuja kwa ng'ombe za Chacha, akaingia nyumba ya Chacha. Mtoto anayezaliwa humo ni wa nani? Wa kwako?"

Mwalimu alikuna kichwa. Naona hata leo alivyokuwa, si mbishi tena bali mtu anayetaka kujua kweli. "Kwetu hatuna hiyo, bibi."

"Kwenu kijana akifa hana mtoto, mnafanyaje?"

"Tunalia. Tunamzika."

"Halafu?"

"Halafu basi."

"Hapa kwetu hatusemi basi," bibi akasema, akiiegemea ile fimbo kwa mara ya kwanza. "Mimi wangu hata kumzika sikumzika. Nikae na sanduku?"

Mwalimu Komba alifungua fomu. Aliandika polepole, mstari wote, kisha akapuliza wino. Halafu akauliza kitu ambacho hakikuwemo kwenye fomu: "Alikuwa mtu wa namna gani?" Bibi sasa ndipo akakaa. Alimsimulia habari ya kokoto, na ya malengelenge, na jinsi Chacha alivyokuwa akiimba ovyo akichunga, na kengele ya kuingia darasani ikapigwa hawajamaliza.

Kwa hiyo nikaenda Tarime. Bibi alikuja, mama alikuja, na Matiko alikuja, akibeba kapu la chakula. Uwanja ulijaa. Tulikuwa watoto kadhaa kwenye mstari, wengi wakubwa kunizidi, wengine tayari wana ndevu. Mmoja mmoja alisogea akataja jina, ngoma ikapigwa pigo moja, akarudi.

Nilikuwa nimejizoeza njia nzima. Na shuleni, jina likiitwa, mwenye jina huitika. Zamu yangu ilipofika nilijaza kifua, nikaita kwa nguvu zote, "Askari Chacha wa Nyanungu!" Kisha nikasubiri aseme nipo.

Ngoma ikapigwa. Nikaendelea kusubiri. Nilitazama kwenye umati, nikatazama kwenye mstari wa askari waliovaa buti, kila mmoja buti zake, mpya, za kamba nyeusi pande zote mbili. Hakuna aliyeitika. Uwanja ulikuwa kimya kabisa, na katika kimya kile nikaelewa, bila mtu kuniambia, kwamba uhamisho huu hauna ruhusa. Baba yangu amekufa. Nilianza kulia kwa sauti, na askari mmoja mzee akaja akanishika bega kunirudisha. Watu walidhani nalia kwa heshima ya shujaa. Nilikuwa nalia kama mtu aliyefiwa siku hiyo hiyo.

Bibi alinipokea akaniweka kifuani. Alikuwa analia pia, lakini uso wake ulikuwa umelegea, kama wa mtu aliyetua mzigo. "Sasa tumemlilia," akasema. Nyuma yake Matiko alikuwa amesimama na kapu lake, ameinamisha kichwa, anaitazama miguu yake.

Njiani kurudi swali lilikuwa limebaki. Kama baba amekufa, aliyenibeba masika ni nani? Nadhani nililijua jibu kabla hatujafika nyumbani. Nilimtazama Matiko akitembea mbele yetu, mgongo wake mpana, lile bega. Mama alikuja kuniambia wazi nikiwa sekondari, kwa maneno machache, tukiteka maji: kwamba bibi ndiye aliyemchagua Matiko anizae kwa jina la Chacha, kwa sababu alikuwa rafiki wa Chacha, na kwa sababu hakuwa mtu wa kudai. Sikushtuka. Niliuliza tu, "Na buti?" Mama akasema katambuga zilikuwa zinateleza, na nilikuwa nawaka moto, na bibi mwenyewe ndiye aliyefungua sanduku.

Mimi sasa ni nesi, nimepangiwa kazi mkoa mwingine. Mzee Matiko alipozidiwa nilichukua likizo, nikaja. Wanawe walinipokea kama mtoto wa jirani aliyesomea kazi hiyo, na hivyo ndivyo ilivyo. Mchana mmoja waliniachia niwe naye peke yangu, nikachemsha maji, nikamwosha miguu. Ilikuwa imekonda miguu ile, lakini bado mikubwa, na kwenye kila kisigino palikuwa na kovu la zamani, duara kamili. Nikaweka kidole juu ya kovu moja. Miaka yote ile hatukuwahi kusema chochote, yeye na mimi. Nilitaka kumwita. Nilikuwa na neno mdomoni kabisa.

Badala yake nikamuuliza, "Mzee, zile buti zilikubana?"

Alivikunja vidole vya miguu ndani ya maji. Halafu akacheka kidogo, cheko la ndani, macho amefumba.

"Zilinibana mno," akasema. "Baba yako alikuwa na miguu midogo."